Maji Aliyoyaomba Swamiji

Mama Mapendo aliponipigia simu kuniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya kutunza wazee, nilimwambia sina la kusema ambalo hamtafundishwa darasani. Akanijibu kwa ule ukali wake kwamba darasani hawafundishi makosa. Basi, nimekaa mezani na kalamu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo sikupata, na mishahara mnaijua. Nitaandika zaidi juu ya mtu mmoja, kwa sababu wengine wote niliwatunza vizuri.

Nilianzia Louisville. Nilikuwa nimeshapita hamsini, Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, Tanzania, na kazi niliyoijua ni kusafisha na kufunga vidonda katika zahanati ya kambi. Siku ya kwanza kwenye nyumba ya wazee walinipa glavu, ule mkanda mpana wa kumnyanyulia mtu, na karatasi yenye majina ya wagonjwa wangu. Nikaingia chumba cha kwanza, nikavuta shuka ili nimgeuze mzee aliyelala pale, na yeye akanitandika kofi la sikio ambalo nililisikia mpaka wakati wa chakula. Mama Mapendo, Mkongomani wa milima ya Kivu, ndiye aliyekuwa ananifundisha. Hakumgombeza mzee. Alinigombeza mimi, pale koridoni, watu wakipita.

"Papa, ile mutu haiko gunia ya mihogo," aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu, chenye Kifaransa ndani. "Bon. Unapiga hodi, unasema jina yako, unamwambia kile unaenda kumufanyia. Kisha njo unamugusa. Donc usipomwambia, uko mwizi tu."

Tangu siku hiyo nilipiga hodi, nikajitaja jina, nikaeleza ninachotaka kufanya. Nilifanya hivyo hata kwa watu waliokuwa hawasikii tena, na wenzangu walinicheka. Mkanda ule nao nilijifunza kuufunga vizuri, juu ya nguo na si juu ya ngozi, vidole viwili viweze kupita. Msiukaze kwa sababu mna haraka. Haraka yenu haimhusu mgonjwa.

Mwaka 2014 mke wangu, Edisa, alitaka kuwa karibu na dada yake, tukahamia Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus. Nikajiandikisha na ofisi inayopeleka watunzaji majumbani. Haikupita wiki mwanamke wa ofisini akaniambia kuna mteja anayetaka mwanamume tu, na katika kazi yetu wanaume ni wa kutafuta kwa tochi. Nilidhani ni mzee mkorofi mwenye dharau kwa wanawake. Nikaenda nimejiandaa kwa kofi la pili.

Ilikuwa nyumba ya chini katika yale majengo ya kupanga ya matofali, na mlangoni palikuwa na viatu vingi kuliko vya msibani. Ndani walijaa Wabhutani wenye asili ya Nepali, wakimbizi kama mimi. Katikati yao alikaa mzee mwembamba aliyenyoa kichwa, amevaa kitambaa cha rangi ya machungwa, juu ya godoro lililotandikwa sakafuni. Nikapiga hodi mlangoni pa chumba japo mlango ulikuwa wazi, nikasema jina langu na kazi iliyonileta, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Mzee akanitazama, akacheka polepole.

"Karibu, bwana," alisema kwa Kiswahili safi. "Hicho Kiingereza chako kimepitia Kigoma."

Nilikaa chini bila kuambiwa. Alikuwa amezaliwa Kigoma mjini, mtoto wa Mgujarati mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa. Akiwa kijana alipelekwa India kusomea dawa. Badala ya dawa akamfuata mwalimu wa dini hadi ukingoni mwa Ganga, mto wao mtakatifu, akawa mtawa, na hakurudi tena dukani. Watu wote walimwita Swamiji, yaani mwalimu mtawa, kwa heshima. Mimi nilimwita Mzee, na yeye aliniita Zakaria kama tuliocheza pamoja. Lile la kutaka mwanamume nalo akanieleza: wakati wa kuvaa nguo ile aliapa kutooa, kutokuwa na mali, na kutoguswa na mwanamke. Kumbe hakuwa na dharau.

Fomu ya ofisi ilitaka jina la ndugu wa karibu. Nikamwuliza. Akasema hana, alishazikwa. Nilifikiri maradhi yamefika kichwani. Akanifafanulia kwamba kabla ya kuvaa ile nguo mtawa hujifanyia matanga yake mwenyewe, na kwa ukoo wake anahesabiwa amekufa. Baba yake alipata habari akiwa dukani anapima kitambaa. Niliandika "hakuna", ofisi ikairudisha fomu, nikaandika jina la Hari. Huyo Hari alikuwa Mbhutani aliyefanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala, na ndiye mwanafunzi aliyeishi naye na kumwendesha kila alikokwenda.

Wiki ya kwanza ile ile nilimwekea Mzee mpaka. Nilimwambia mimi ni shemasi wa kanisa, nitamwogesha, nitamlisha, nitampa dawa zake za kisukari, nitamtembeza, lakini taa zake, ubani wake na sanamu zake sitazigusa.

"Haya," alisema. "Sanamu zangu hazina kisukari. Hazihitaji mtunzaji."

Na alinilindia mpaka ule. Kila asubuhi nilipofika, taa ilikuwa imeshazimwa na ubani umeshaisha. Sikumwomba afanye hivyo.

Sasa niwaambie kazi yake, maana nilimtunza miaka miwili na kwa muda mrefu sikuona kuwa anafanya kazi. Alikuwa ameishi kwenye hekalu kubwa la jimbo lingine, pamoja na madaktari na wahandisi waliompenda. Akasikia kwamba katika miji hii wamekuja wakimbizi wa imani yake, kwamba watoto wao wanashinda kazini maghalani, na wazee wanajifungia vyumbani hawataki kula, na wengine wanajiua. Akaomba ruhusa, akaja na begi moja. Kila mwezi tulizunguka, Columbus, Louisville, Buffalo, Hari akiendesha siku zake za mapumziko, mimi kiti cha nyuma na dawa, nepi na kiti chake cha kukunja.

Nilingoja mahubiri. Kusema kweli niliyangoja kwa hamu, nikijiandaa kuyapinga moyoni. Hayakuja. Alikaa sakafuni kwenye sebule ya mzee fulani, akamwuliza alilima nini huko kwao, ng'ombe wake wa kulimia aliitwa nani, mvua iliingia mwezi gani. Saa nzima. Mwishoni waliimba kidogo, tukaondoka. Louisville palikuwa na bibi ambaye hakuwa ametoka chumbani tangu afike Marekani, isipokuwa kwenda msalani. Mzee alikaa nje ya mlango wake akizungumza juu ya kilimo cha iliki, peke yake, mlango umefungwa. Miezi mitatu. Mwezi wa nne mlango ukafunguka, bibi akatoka ili amsahihishe Kinepali chake, maana alishindwa kuvumilia tena. Hari alilia njia nzima ya kurudi, ikabidi tusimame kwenye kituo cha mafuta.

Garini nilimwuliza Mzee ataanza lini kuhubiri. Akaniuliza kama kambini nilihubiriwa. Nikasema kila siku, asubuhi na jioni.

"Na nani alikuuliza jina la ng'ombe wa baba yako?"

Hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia aliitwa Gaju, jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu tulipokimbia nikiwa mtoto. Nikageukia dirishani, nikatazama mahindi ya Ohio mpaka tukafika.

Mwaka huo kaka yangu mkubwa alifariki Kigoma, nami sikuweza kwenda kuzika. Tulikaa matanga nyumbani kwetu Reynoldsburg, watu wa kanisa wakajaa. Siku ya pili mlango ukafunguka, Hari akamwingiza Mzee, na nguo yake ile ile. Akakaa kwenye mkeka pamoja na wanaume wengine. Tulipoanza wimbo wa maziko, aliuimba, ubeti kwa ubeti, maana alisoma shule ya misheni utotoni. Mtu mmoja akasogeza mkeka wake mbali kidogo. Mchungaji akaninong'oneza, huyu ni nani? Nikajibu, ni mgonjwa wangu tu, na nilijibu kwa sauti. Mzee alinisikia. Kesho yake nilipokuwa nakausha vidole vyake vya miguu aliniuliza habari za kaka yangu, alikuwa mtu wa namna gani, na hakunigusia lile jambo. Ningepata nafuu kama angenisema.

Mwaka uliofuata Mzee alipata kiharusi. Hari alikuwa amepata kazi Lackawanna na nyumba Kenmore, kaskazini ya Buffalo, karibu na wakwe zake, akamchukua. Sisi nasi binti yetu Neema alikuwa Buffalo na Edisa alikuwa anawalilia wajukuu. Kwa hiyo nilibadilisha ofisi, sikubadilisha mgonjwa.

Kiharusi kilimharibia kumeza. Kwenye friji palibandikwa karatasi: asipewe majimaji mepesi. Mtaikuta karatasi hiyo mara nyingi. Kuna unga unaokorogwa kwenye chai au maji yawe mazito, yateremke taratibu yasiingie mapafuni. Korogeni kwanza, subirini, ndipo mmpe. Ukimpa upesi unampa mabonge. Mzee aliuchukia unga huo. Alisema ile si chai, ni uji uliokosa adabu. Baadaye, alipozidiwa, muuguzi alinionyesha vile vijiti vyenye sponji nchani. Unachovya kwenye maji, unakamua, unamlowesha midomo na ulimi. Hivyo vinaruhusiwa hata kwa mtu asiyeweza kumeza kabisa. Shikeni hilo, kwa sababu mimi nilijifanya nimelisahau.

Alasiri moja aliniomba nimteremshie chupa ndogo ya shaba iliyokuwa rafuni. Nikamkumbusha mpaka wetu. Akasema basi niitazame tu. Mdomo wa chupa ulikuwa umezibwa kwa lakiri, ile nta ngumu ya kufungia. Ndani mlikuwa na maji ya Ganga, aliyoyachota mwenyewe mwaka aliotoka India.

"Zakaria, Hari anakuwa kazini," alisema, maneno yakimtoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. "Wewe ndiye utakayekuwapo. Nikianza kuondoka, nitie maji haya mdomoni. Matone mawili. Hapo safari yangu imetimia."

"Majimaji mepesi umekatazwa, Mzee. Utapaliwa."

"Nitakuwa nakufa, bwana. Nikipaliwa nitapata hasara gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Maneno ya dini yangu sikuombi uyaseme," alisema. "Sali unavyosali wewe. Maji tu."

Nikamjibu, "Sawa, Mzee."

Nilisema sawa ili mazungumzo yaishe. Nilipofika nyumbani nilimweleza Edisa, nikitumaini atanikataza, kwa kuwa yeye ndiye mwombaji nyumbani kwetu, anafunga mpaka tunamwogopea. Akaendelea kuchambua mboga zake.

"Maji ni maji, Baba Neema," akasema. "Mtilie."

Nikamwambia mchungaji atasemaje, kanisa tumehamia juzi, bado wananitazama. Akaniuliza kama anayekufa ni mchungaji. Nikaenda kuoga. Mchungaji wetu wa Buffalo alikuwa hajaniuliza lolote kuhusu Mzee, na nilijitahidi asiulize.

Siku yenyewe ilikuwa Februari, saa nne asubuhi, theluji imefika madirishani. Hari na mkewe walikuwa kazini. Pumzi ya Mzee ikabadilika, ile ya kukatika na kurudi, mtaijua mkiisikia mara ya kwanza. Nikampigia muuguzi, kisha Hari. Hari alisema anakuja ila barabara hazijasafishwa. Halafu akasema kwa Kiingereza, polepole ili nielewe, "Maji, Zakaria. Usisahau maji." Nikamwambia nimesikia.

Nilirudi kitandani. Mzee alifumbua macho, akanitazama, kisha akatazama rafu. Hakuweza kuinua mkono. Kwenye meza palikuwa na kikombe cha maji ya bomba niliyokuwa nikimloweshea midomo tangu asubuhi. Chupa ilikuwa rafuni, hatua mbili. Nilichukua kijiti cha sponji. Nataka mjue kwamba sikufikiria Maandiko. Sikufikiria mapafu yake wala karatasi ya kwenye friji. Nilifikiria benchi la mashemasi, na sura zao nikiingia Jumapili. Nikachovya kijiti kwenye kikombe.

"Mzee, ni Zakaria," nikasema. "Nakutia maji."

Sikusema maji gani.

Aliinyonya ile sponji kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nikachovya tena, akanyonya tena. Uso wake wote ulilegea, ukawa kama wa mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana.

"Asante," alisema. "Umenifikisha, ndugu yangu."

Nilimshika mkono. Hata kusali sikusali, ingawa hilo aliniruhusu kwa namna yangu mwenyewe. Kabla ya saa tano pumzi ilikwenda na haikurudi.

Bado nilikuwa na nafasi. Chupa ilikuwa pale pale, midomo yake ilikuwa bado na joto, na mimi nilikuwa peke yangu. Nilisimama katikati ya chumba. Ndipo nikasikia gari la Hari likihangaika na theluji pale nje, na nikaona kile atakachokiona akiingia: lakiri haijavunjwa. Nikaichukua chupa, mimi niliyeapa sitaigusa. Nikaivunja lakiri kwa mpini wa kijiko, nikayamwaga maji kwenye sinki la jikoni, nikafungua bomba yaende upesi. Nikairudisha chupa rafuni, mdomo wazi. Kazi niliifanya vizuri, bila kumwaga hata tone sakafuni.

Hari aliingia na kizibao chake cha kazini, theluji mabegani. Kabla hajamtazama mwalimu wake alitazama rafu. Akaichukua chupa, akaipindua juu ya kiganja chake.

"Umempa?"

"Nimempa."

Akapiga magoti, akanishika miguu yote miwili, akaweka paji la uso wake juu ya soksi zangu. Alikaa hivyo kwa muda, akilia, akisema maneno ya kwao. Nilikuwa na nafasi ya kusema hata hapo. Nilimwinua nikamwambia twende tumwoshe Mzee, na tulimwosha pamoja.

Jumapili ile nilihudumu kwenye meza ya Bwana kama kawaida. Hakuna aliyenitazama vibaya, wala hakuna aliyenipongeza. Mchungaji alihubiri juu ya mambo ya ndoa.

Niliendelea na kazi, na wagonjwa waliofuata niliwauliza mapema, wiki ya kwanza, wanataka nini siku ile ikifika, nikaandika. Fanyeni hivyo. Na kama jambo linakushinda, kwa imani yako au kwa woga wako, mwambie "siwezi" wakati bado ana ulimi wa kumwomba mwingine. Mzee asingenichukia. Angecheka, angesema neno juu ya kisukari, kisha angemwomba jirani yeyote wa Kenmore aje akae, na angekuja. Mimi nilimnyima Mzee maji, na nikamnyima pia nafasi ya kuyapata kwingine. Sijui kama huko alikokwenda maji yale yalikuwa na maana yoyote. Kwa imani yangu hayakuwa nayo. Lakini alikuwa amemaliza miaka yake ya mwisho akikaa nje ya milango ya watu wengine, na alipotaka kitu kimoja kwangu nilimdanganya, akanishukuru.

Mwezi uliopita waliniandalia hafla ndogo ya kustaafu kwenye ukumbi wa kanisa letu. Hari alikuja na mkewe na sanduku la machungwa. Akaomba kusema. Akawaeleza watu wote kwamba mwalimu wake alivuka vizuri, kwa maji ya Ganga, kutoka kwenye mkono wa mtu aliyezungumza lugha ya utoto wake, na kwamba mtu huyo ni mimi, Mkristo. Nilimtazama mchungaji. Mchungaji ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alisimama akasema kwamba huo ndio upendo, na kwamba laiti mashemasi wote wangekuwa hivyo, na ukumbi mzima ukasimama. Edisa peke yake alibaki ameketi, ananitazama. Walinipa kipaza sauti. Nikawashukuru kwa kuja.

Nimeandika haya kwa Kiswahili. Hari hasomi Kiswahili, na hilo nililijua nilipokuwa nachagua lugha.